Camaro ya 1969 inakusumbua gereji ya nyumbani? Pima kwanza, spea baadaye

Gari ya miaka 50 na kitu haiji na ugonjwa mmoja. Inakuja na ule wake wa kuzeeka, afu juu yake kuna ya kila aliyewahi kuishika, huyu alikata waya aweke redio, yule kafunga kabureta ya gari ingine, wa mwisho kapiga puti juu ya kutu akaweka rangi nyekundu inayong'aa akakuuzia we. Na sisi wa gereji za nyumbani ugonjwa wetu ni huu, tukiona dalili tunanunua spea. Inachemsha, nunua rejeta. Haiwaki, nunua stata. Mi nimekula hasara hivyo mpaka mke wangu akawa anaulizia maboksi mlangoni kabla hata ya kusalimia.

Mi nipo Columbus, Ohio, gereji ni hii iliyoungana na nyumba, nafasi ya gari mbili ila moja ishamezwa na baiskeli za watoto. Gari ni Chevrolet Camaro ya 1969, V8 ya 350 yaani lita 5.7, bado ina kabureta na pointi (vile viswichi vidogo ndani ya distributa vinavyofunga na kufungua umeme wa koili ili cheche itoke). Iliunganishwa Norwood, pale pale Cincinnati, na hilo unalisoma kwenye namba ya chesesi: inaanza 124379N, hiyo N ni Norwood, ingekuwa L ingekuwa ya Van Nuys, California. 124 maana yake ilitoka kiwandani na V8. Ukikuta 123 basi ilitoka na silinda 6, hata muuzaji awe kabandika SS (Super Sport, toleo la nguvu) kila kona, na namba yenyewe haikwambii kama gari ni SS au siyo kwaiyo usilipe hela ya SS kwa sababu ya stika.

Vifaa vya chini kabisa: multimita, taa ya testa, taa ya taimingi (inakuonyesha cheche inapigwa wakati gani), geji ya vakyumu na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Na kabla hujawasha chochote fungua mlango wa gereji wote, hata nje kuna theluji. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosi, kaboni monoksidi, haina harufu ya kukuonya na hapa ukuta wa pili ni chumba cha kulala.

Inawaka ukiwa umeshikilia ufunguo, ukiachia tu inazima

Hii watu wengi wanakimbilia swichi. Sikiliza, kwenye mfumo wa pointi koili haitakiwi kula volti 12 muda wote. Wakati unapiga stata inapewa volti zote kupitia terminali ndogo ya stata iliyoandikwa R, ili cheche iwe kali. Ukiachia ufunguo umeme unahamia njia nyingine, unapita kwenye waya maalum wenye ukinzani unaotoka kwenye soketi kubwa ya ukuta wa injini mpaka koili, na huo unapunguza volti makusudi. Waya huo ukikatika, au pini yake kule kwenye soketi ikila kutu, basi cheche inakata sekunde ile ile unapoachia.

Kupima ni rahisi ila kuna mtego. Ufunguo ON, multimita kwenye chanya ya koili, *pointi zikiwa zimefunga*. Inatakiwa usome kama volti 6 mpaka 9. Ukisoma 0 njia imekufa. Ukisoma 12 kamili ujue kuna fundi alishapitisha waya wa kawaida, na ndo maana pointi zako zinaungua kila baada ya wiki chache. Mtego ni kwamba pointi zikiwa wazi utasoma 12 hata kama kila kitu ni kizima, maana hakuna umeme unaotembea, kwaiyo zungusha injini kwa mkono kidogo mpaka zifunge ndo usome. Na ule waya usijaribu kuukata ukaunga na kipande cha waya wowote, ukinzani uko kwenye waya wenyewe, nunua wa aina yake.

Ile soketi ya ukutani inashikwa na bolti moja katikati. Toa betri, ifungue, utakuta kijani kama majani ya mchicha. Safisha pini moja moja. Nimetibu matatizo matatu kwa siku moja hapo tu, taa za mbele zilizokuwa zinafifia, honi, na hii ya kuzima.

Ila kama pointi zilitolewa ikafungwa cheche ya elektroniki, mambo yanageuka, nyingi zinataka 12 kamili, na ukizilisha kupitia waya ule wa zamani zinaanza kumisi ukikanyaga sana.

Baridi inapiga stata vizuri, ikiwa moto inasema "klik"

Umezima sheli, umejaza mafuta, unarudi, stata inazunguka kwa uvivu kama betri imekufa. Stata ya injini hii inakaa chini upande wa abiria, jirani kabisa na ekzosi, inakaangwa. Lakini kabla hujaihukumu pima njia. Mwambie mtu apige stata (waya wa koili ukiwa umeutoa ili isiwake), we weka mguu mmoja wa multimita kwenye nguzo chanya ya betri na mwingine kwenye bolti ya stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, hiyo nusu inapotelea kwenye kebo. Rudia upande wa athi, hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini.

Hapo kwenye athi ndo penye siri ya gari zilizokarabatiwa. Umepaka injini rangi ya chungwa, umepaka mabano yote, chesesi nyeusi inang'aa, afu umefunga waya wa athi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme! Gari imerembwa mpaka umeme hauna pa kurudia. Kwangua hadi chuma cheupe, funga, ndo upake kidogo juu.

Ikiwa inazunguka afu inagoma kama imepigwa ngumi, rudi kwenye taimingi, imeenda mbele sana.

Inamisi, inapiga chafya kwenye kabureta

Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Rota inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama toka juu. Silinda witiri, 1, 3, 5, 7, ziko upande wa dereva kuanzia mbele, shufwa ziko upande wa abiria. Hakikisha hilo kwa kidole, waya kwa waya, hata kama muuzaji kaapa. Ukiwa umetoa distributa na ukairudisha injini ikiwa kwenye mzunguko usio wake, utakuwa umekosea nyuzi 180 na itakutemea moto usoni kupitia kabureta, kwaiyo usichungulie wakati mtu anapiga stata.

Kuna kitu kingine hapa kinasumbua hata wazoefu. Angalia tena ule mpangilio, 5 afu 7. Zinafuatana kuwaka na zimekaa jirani. Ukilaza waya zake mbili zikiwa zimegusana kwa urefu, cheche ya 5 inaweza kuruka ikawasha 7 kabla ya wakati wake. Mmisi wake ni wa ajabu, unakuja ukiwa na mzigo, ukifungua boneti unausikia hauupati. Usiku zima taa za gereji, washa gari, tazama waya. Zangu zilikuwa zinacheza disko la bluu.

Pointi mpya zipe mwanya wa inchi 0.019, plagi 0.035. Na kile kipande cha plastiki cha pointi kinachosugua kamu ya distributa kipake grisi kidogo tu, bila grisi kinalika, mwanya unajifunga wenyewe na taimingi inarudi nyuma polepole, we unashangaa gari iliyokuwa na nguvu mwezi jana leo imekuwa ng'ombe.

Inachemsha

Hii ndo ilinitesa, nitaieleza yote.

Kwanza jiulize inachemsha wapi. Ikichemsha kwenye foleni tu na barabara kuu inapoa, shida ni upepo: klachi ya feni imechoka au lile boma la plastiki linalozunguka feni halipo. Watu walikuwa wanalitupa, wanaona linawaziba kufanya kazi. Ikiwa kinyume, foleni poa ila ukishika kasi sindano inapanda, shida ni maji kutopita, rejeta imeziba au mpira wa chini unanyonywa na kujibana kwa sababu ile springi ya ndani ilishaoza. Mfuniko wa rejeta pia, huo ni wa psi 15, ukilegea maji yanachemka mapema.

Yangu ilikuwa inachemsha kote kote. Foleni, barabara kuu, hata sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, hapo gereji ndani ya dakika 15. Nikabadili themostati. Nikabadili wota pampu. Nikanunua rejeta ya aluminiamu, hiyo hela sitaji. Bado. Na gari haina nguvu, na usiku manifoldi za ekzosi zinakuwa nyekundu kama pasi ya mkaa. Manifoldi nyekundu maana yake moto unamalizikia kwenye ekzosi badala ya kwenye silinda, yaani cheche inachelewa. Hilo nalijua. Ila nikipima na taa ya taimingi, alama inasoma nyuzi 4 kabla ya juu, yaani kabla pistoni haijafika kileleni, safi kabisa kama kitabu!

Nikampigia mjomba. Mjomba kakulia Gerezani, ile ya Dar es Salaam, kafungua Peugeot 504 na Land Rover nyingi kuliko milo niliyokula. Kwangu ilikuwa saa 4 usiku, Julai, kwake saa 11 alfajiri katoka kuswali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Gari gani tena?"

Nikamweleza yote, rejeta, pampu, manifoldi, alama. Kimya kidogo, nasikia jogoo.

"Hiyo alama iko wapi?"

"Kwenye puli ya krenki, mjomba."

"Puli ya chuma kitupu au ina mpira katikati?"

"Ina mpira."

"Sasa nani kakwambia hiyo alama inasema kweli? We tafuta pistoni iko wapi, achana na alama."

Nikakata simu nikabaki nimekaa juu ya ndoo.

Ile puli kubwa inayozuia mtikisiko kwenye krenki ni vipande viwili, kitovu na ringi ya nje, katikati kuna mpira. Alama ya taimingi iko kwenye ringi ya nje. Miaka 50 mpira unakauka, ringi inateleza kurudi nyuma, alama inaenda nayo. Taa ya taimingi haidanganyi, inakuonyesha alama ilipo. Alama ndo muongo.

Namna ya kupima: toa betri, toa plagi zote 8 ili injini izunguke kirahisi. Kwenye tundu la plagi namba 1 funga kizuizi cha pistoni, ni bolti tu yenye kichwa butu, inauzwa bei ya chai. Zungusha krenki kwa mkono kwa spana, taratibu, hadi pistoni iguse. Weka alama ya chaki kwenye puli sawa na sifuri ya kile kibati chenye namba za nyuzi kilichofungwa kwenye injini. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati kabisa ya hizo chaki mbili ndo juu ya kweli. Usitumie stata hapo, utatoboa pistoni.

Yangu ilikuwa imepishana karibu sentimita 2. Kwenye puli ile hiyo ni zaidi ya nyuzi 10, kwaiyo nilivyokuwa nasoma 4 kabla, kweli ilikuwa inawaka baada ya pistoni kupita juu. Puli mpya, taimingi upya, ile ile jioni sindano ikakaa pale inapotakiwa na geji ya vakyumu ikatoka 14 ikapanda 18 ikatulia. Injini yenye afya ikiwa sailensa inatakiwa kukaa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki bila kutetema. Rejeta ya zamani bado ninayo, haina shida yoyote, imeegemea ukuta inanitazama.

Asubuhi inachukua karne kuwaka, au gereji inanuka petroli

Chungulia kabureta asubuhi injini ikiwa haijawashwa, vuta aksileta kwa mkono. Ikirusha mafuta, bakuli lina petroli, tafuta shida kwenye choki. Isiporusha, bakuli ni kavu. Kwenye kabureta ya Rochester Quadrajet kuna vizibo chini ya visima vya mafuta vinavyojulikana kwa kuvuja, petroli inashuka kwenye manifoldi usiku kucha. Ila petroli ya siku hizi nayo inakauka haraka, kwaiyo usihukumu: toa kabureta, jaza, iweke juu ya karatasi nyeupe mpaka asubuhi. Karatasi ikiwa na doa, vizibo vipakwe epoksi ya petroli.

Petroli ya hapa Marekani nyingi ina ethanoli mpaka asilimia 10, na mipira ya mafuta ya zamani haikutengenezwa kwa hiyo. Inalainika, inapasuka, tena juu ya injini ya moto. Badilisha yote, ya tanki pia, hata ile inayoonekana mizima.

Na hii usiipuuze: ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili *imeongezeka* na inanuka petroli, ngozi ya pampu ya mafuta imechanika inamwaga ndani. Usiwashe. Pampu, oili na filta, ndo uendelee.

Tik tik tik baada ya kufanya ovahoo

Kamshafti ya injini hizi inasuguana moja kwa moja na tapeti bapa, inahitaji oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, na oili nyingi za gari za kisasa zimepunguzwa hiyo. Ukifunga kamshafti mpya, ukiwasha tu ipeleke mizunguko 2000 na kidogo ikae hapo dakika 20, usiiache sailensa hata uone kabureta haijakaa sawa. Rafiki yangu hapa jirani aliiacha sailensa ili arekebishe kabureta kwanza. Jino moja la kamu likaisha, na unga wa chuma ukasambaa injini nzima, akaanza upya toka krenki. Kwaiyo taimingi na mafuta ziwe tayari *kabla* ya kuwasha, na ukisikia tik tik inayoambatana na silinda moja kumisi, toa kava ya vali, zungusha, tazama roka ipi inanyanyuka nusu ya wenzake.

Betri haichaji

Fupi: injini ikiwaka soma betri, volti 13.8 hadi 14.5 ndo afya. Regyuleta iko nje ya alteneta, mbele karibu na rejeta, na athi yake ni bodi. Umepaka rangi hapo? Haya.

Ukikanyaga inapiga "gudu" na boneti kama inanyanyuka

Simama hapo hapo. Hizo ni mauntini za injini. Mpira ukiachana na chuma, injini inanyanyuka upande wa dereva na inaweza kuvuta aksileta ikabaki wazi. Siyo hadithi, Desemba 1971 General Motors iliita magari ya Chevrolet karibu milioni 6.7 kwa ajili hiyo, Camaro za 1967 mpaka 1969 zikiwemo, na dawa yao ilikuwa kufunga kebo ya kuizuia injini isinyanyuke. Ukikuta kebo hiyo kwenye yako usiitupe ukidhani ni uchafu, ila mauntini mpya zinazojifunga zenyewe ni bora zaidi.

Breki

Pedali inashuka polepole ukiikanyagia kwenye taa nyekundu na hakuna tone chini, ni masta (pampu kuu ya breki), mafuta yanapita ndani kwa ndani. Pedali laini kama godoro ni upepo, anza kuutoa gurudumu la mbali na masta. Gari inavuta upande mmoja, wengi wanafungua shuu, we anza na mpira wa breki wa mbele, unavimba ndani, nje unaonekana mzuri kabisa, na gurudumu hilo linabaki limeshika hata baada ya kuachia. Nyuma inajifunga ghafla, sili ya ekseli inavujisha oili ya difu kwenye shuu. Usipulize vumbi la shuu za zamani kwa kompresa, zina asbesto. Lowesha, futa.

Maji miguuni, na mlango wa dereva unafungwa kwa goti

Maji yakiwa upande wa miguu hata baada ya kubadili raba za milango na kioo, siyo raba. Chini ya vile vitundu vya hewa mbele ya kioo kuna mfereji wa bati, majani yanajaa mle, yanashika maji, bati linaoza toka ndani. Lala chini ya dashibodi na tochi, mwambie mtoto amwage maji kwa mpira taratibu pale mbele ya kioo. Wangu alifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Chumvi inayomwagwa barabarani huku Ohio kila msimu wa baridi nayo imekula pembe za chini za panela za nyuma, pita na sumaku, pasiposhika ni puti. Ukichomelea bati jembamba tumia waya wa 0.6 mm, piga tone hapa, ruka piga kule, acha ipoe, ukichora mstari mmoja mrefu bati litajikunja kama chapati.

Na mlango: usikimbilie bawaba. Camaro mbele imekaa kwenye fremu fupi iliyofungwa na bodi kwa bolti na raba. Raba zikiisha pua ya gari inashuka, mianya ya milango inaharibika juu pana chini nyembamba, na mtu anapiga puti kuziba mwanya. Yangu nimebadili raba nne hadi sasa, mlango wa abiria umerudi unafunga kwa kidole. Wa dereva bado unataka goti, pini za bawaba nimeziagiza baada ya kupima mchezo wake kwa jeki chini ya mlango, ulikuwa milimita 5.